Kilimanjaro mwezi Desemba: nini kiingie kwenye begi la kilo 15

Kila mwaka, 9 Desemba inapokaribia, makundi ya Watanzania hujiandikisha kupanda Kilimanjaro kuenzi usiku ule wa 1961 ambao Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kileleni. Wengi wao hutoka Dar, Tanga au Zanzibar, mahali ambapo sweta ni nguo ya kusafiria na basi la usiku. Langoni kosa huwa lile lile: koti moja zito kama godoro, jinzi mbili, raba, na soksi za pamba. Ukitembea na koti hilo utaloa jasho kabla ya saa ya kwanza kuisha. Ukisimama, jasho linapoa mgongoni, na kuanzia hapo hakuna nguo itakayokupasha joto mpaka ukauke. Maandalizi yote yaliyomo hapa yanalenga jambo hilo moja: kubaki mkavu.

Anza na hesabu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Moshi mjini ni kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Tofauti ni karibu mita 5,000, sawa na nyuzi 32 hivi. Usiku ambao Moshi ni nyuzi 18 na watu wamejifunika shuka tu, kileleni ni kama nyuzi 14 chini ya sifuri, na upepo bado hatujauhesabu. Jiandae kwa nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri.

Desemba ina lake tena. Mara nyingi vuli haijamalizika, kwa hiyo kunyeshewa msituni siku ya kwanza na ya mwisho ni jambo la kutarajia, na mvua hiyo hiyo kule juu hushuka kama theluji. Kama hufungwi na sherehe za Uhuru, nenda mwishoni mwa Januari au Februari, ambapo kwa kawaida ni kukavu zaidi. Juni hadi Oktoba nako ni kukavu, ila usiku wake unauma.

Kabla ya kununua hata soksi

Kapime damu ujue kama una vinasaba vya selimundu (sikoseli). Kwetu wako wengi wanaoishi navyo bila kujua. Mwenye ugonjwa wenyewe asiende kwenye mwinuko huu. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huishi bila taabu yoyote, lakini oksijeni ikipungua na mwili ukikaukiwa maji, bandama linaweza kukosa damu. Dalili yake ni maumivu makali ubavu wa kushoto, chini ya mbavu, na ni rahisi kuyadhania kuwa ni tumbo tu. Ukijua hali yako, mwambie daktari, kisha mwambie mwongozaji wako mapema. Maumivu hayo yakianza, safari imegeuka: ni kushuka.

Kwa daktari huyo huyo ulizia acetazolamide, ile wengi wanayoiita Diamox. Kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inakojosha sana na huleta ganzi ya kuchomachoma vidoleni. Aliyewahi kudhuriwa na dawa za salfa kama Septrin aseme kabla ya kuandikiwa. Na dawa isikushawishi kupunguza siku. Njia ya Marangu inauzwa kwa siku 5 au 6: chukua 6, ukalale kambi ya Horombo usiku mbili ili mwili uzoee. Machame chukua 7 badala ya 6. Siku ya ziada inagharimu pesa, lakini ndiyo inayowafikisha watu, kuliko koti lolote.

Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti. Ada ya hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni tofauti kabisa na ya wageni wengine, na uraia unathibitishwa kwa karatasi.

Mitumba inatosha, ukijua kukagua

Huhitaji duka la bei mbaya. Soko la Memorial pale Moshi, Kilombero Arusha, Gikomba Nairobi: nguo za baridi za Ulaya zinashuka huko kwa marobota. Kazi ni kujua kipi kimekufa na kipi kizima.

Koti la mvua ligeuze ndani nje. Juu ya mishono utaona utepe mwembamba uliobandikwa. Kama umebanduka au umekunjamana, maji yatapita hapo. Sasa sugua kitambaa cha ndani kwa kidole gumba. Kikinata, au kikiacha vipande vyeupe kama ngozi inayobabuka, utando wa kuzuia maji umeoza na hakuna dawa ya kuurudisha. Kisha omba maji kidogo, mimina begani, subiri dakika tano, gusa kwa ndani. Maji yakisambaa juu ya kitambaa lakini ndani pakabaki pakavu, koti ni zima, linahitaji tu dawa ya kupulizia ili matone yateleze. Fanya hivyo hivyo kwa suruali ya mvua, na uhakikishe inaweza kuvaliwa bila kuvua viatu, yaani ina zipu ndefu pembeni.

Koti la manyoya ya bata lishike kwenye mwanga wa jua. Vyumba vyake vikionyesha mwanga mtupu, manyoya yamekimbia. Likunje liwe donge dogo, uachie: zuri linavimba lenyewe. Ukihisi vinundu vigumu, lilifuliwa likakaushwa vibaya. Hilo bado linaokoleka kwa kulianika siku kadhaa huku ukipasua vinundu kwa vidole, muuzaji akikubali kushusha bei.

Sweta za flisi ni rahisi: soma lebo ya ndani. Polista tupu au sufu, chukua. Pamba ikiwa nusu na zaidi, acha hata kama ni nene na laini. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Ndiyo maana fulana, bukta za ndani na soksi za pamba zibaki nyumbani. Jezi ya mpira, ambayo kila mtu anayo, ni nguo ya ndani bora kuliko fulana nzuri ya pamba.

Viatu ndipo mitumba inapoua safari. Ngozi inaweza kung'aa kama mpya, lakini kati ya soli na ngozi kuna tabaka la sponji ambalo huoza kwa unyevu na umri, hata kiatu kikiwa hakijavaliwa. Siku ya tatu sponji linamomonyoka kama mkate mkavu na soli inabanduka nzima. Bonyeza tabaka hilo kwa ukucha: likiacha alama isiyorudi au likitoa unga, rudisha. Kunja kiatu katikati kwa nguvu na utafute mipasuko. Kilichopita mtihani huo kivae angalau wiki sita kabla ya safari, utembee nacho mara kadhaa saa tatu au nne, kwenye mteremko ikiwezekana. Chagua kikubwa kwa nusu namba, ujaribie ukiwa na soksi nene. Ukipiga ncha ya kiatu chini, dole gumba lisiguse mbele.

Begi la kulalia wengi hukodi Moshi, na ni uamuzi mzuri. Ila soma lebo. Lina viwango vitatu vya baridi, na mkodishaji hukusomea kile cha chini kabisa, ambacho maana yake ni kwamba hutakufa, si kwamba utalala. Angalia kilichoandikwa Comfort, kiwe nyuzi 10 chini ya sifuri au chini zaidi. Hata Marangu, penye vibanda na magodoro, begi hilo linahitajika.

Usiku wa kilele

Mwendo huanza karibu saa sita usiku, kutoka kambi ya Barafu au ya Kibo, zote zikiwa karibu na mita 4,700. Unatembea saa sita hadi nane kwenye giza, polepole mno kuweza kujipasha joto kwa mwendo. Hapa ndipo kila ulichobeba kinavaliwa.

Juu: nguo ya ndani ya kubana, flisi nyembamba, flisi nzito, koti la manyoya, koti la mvua la kukata upepo. Koti la mvua lazima lipite juu ya la manyoya bila kulibana, kwa sababu manyoya yaliyobanwa hayana joto. Jaribu vyote kwa pamoja ukiwa bado sokoni. Chini: suruali ya ndani ya kubana, suruali ya flisi, suruali ya mvua. Ondoka ukiwa na kibaridi kidogo. Anayetoka hemani akiwa na joto la raha atakuwa ameloa baada ya nusu saa.

Miguuni, soksi nyembamba na juu yake moja nene ya sufu. Soksi tatu hukibana kiatu, damu haifiki vidoleni, na vidole vinaganda ndani ya joto lote hilo. Soksi za kilele ziwe mpya kwa safari, zifungwe peke yake, zisiguswe kabla ya usiku huo. Mikononi vaa glavu nyembamba ndani ya zile kubwa zisizotenganisha vidole. Za vidole vitano peke yake hazitoshi. Zifunge kamba mkononi, maana glavu ikichukuliwa na upepo hairudi. Vile vifuko vya kupasha joto mikono hufanya kazi kwa hewa, na kule hewa ni haba. Vifungue nusu saa kabla ya kuvihitaji.

Kichwani mzula unaofunika masikio, na skafu ya kuvuta mpaka puani. Wanaosuka wapange mtindo kabla: mabutu au rasta nene zilizofungwa juu haziingii chini ya mzula wala kofia ya koti, na mkanda wa taa utateleza usiku kucha. Twende kilioni au misuko myembamba inayolala chini ndiyo inayofaa.

Taa iwe ya kichwani, yenye betri mpya, na betri za akiba ziwe mfuko wa ndani karibu na mwili. Simu nayo hukaa hapo hapo. Kwenye baridi ile, simu yenye chaji asilimia 40 huzima ghafla, na picha ya kileleni inaishia hapo.

Maji yanaganda. Mfuko wa maji wenye mrija unafaa mpaka kambi ya mwisho tu, kwa sababu mrija ndio wa kwanza kuziba. Usiku wa kilele beba chupa mbili ngumu za lita moja zenye mdomo mpana, zijaze maji ya moto, zivishe soksi, uziweke kichwa chini. Barafu hujiunda kwanza juu, kwa hiyo mdomo wa chupa unabaki wazi. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi mlimani, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, hivyo chupa hizo ngumu unazihitaji kwa vyovyote. Siku za kawaida kunywa lita tatu hadi nne. Ukitumia vidonge vya klorini, ongeza muda wa kusubiri, kwani maji baridi huvichelewesha.

Hamu ya kula huisha juu, ndiyo maana vitafunio viwe unavyovipenda kweli: tende, kashata, korosho, pipi za tangawizi. Chokoleti inakuwa jiwe, na vitu vya kutafuna sana vinachosha taya. Weka kidogo katika kila mfuko, ule bila kusimama.

Asubuhi jua linatoka na tatizo linabadilika. Miali yake huongezeka ukali kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Ngozi nyeusi nayo huungua, midomo hasa, na macho hayana rangi ya kuyalinda. Miwani iwe imeandikwa namba 3 au 4 upande wa ndani.

Kufunga begi

Begi kubwa linabebwa na mpagazi na mwisho wake ni kilo 15, likiwemo begi la kulalia. Vitu vyote vilivyotajwa hapa huingia ndani ya kilo 11 au 12. Pima nyumbani. Kila kilo unayopenyeza inapanda mgongoni mwa kijana ambaye pengine viatu vyake ni vibovu kuliko vile ulivyovikataa sokoni. Ukiwa na glavu au flisi ya ziada, hiyo ndiyo kilo inayostahili kubebwa, na umwachie huyo kijana.

Wapagazi huliingiza begi lako ndani ya kiroba. Kiroba huzuia mikwaruzo, mvua hakizuii. Ndani ya begi gawa vitu kwenye mifuko ya turubai jepesi inayofungwa kwa kukunja mdomo: begi la kulalia peke yake, nguo za kilele peke yake, nguo za kulalia peke yake. Begi dogo unalobeba mwenyewe lisikose koti na suruali ya mvua, flisi moja, maji, dawa na kitambulisho, kwa kuwa mpagazi hutangulia na mvua haitamsubiri.

Kata kucha za miguu siku mbili kabla ya kuondoka, fupi na zilizonyooka. Kwa njia ya Machame au Lemosho, siku ya kilele unateremka kutoka mita 5,895 hadi kambi ya Mweka, iliyo kama mita 3,100, na mteremko huo husukuma vidole mbele kila hatua. Kaza kamba za kiatu upya pale juu, hasa kwenye kifundo, na tumia fimbo mbili. Hotelini Moshi acha kandambili na nguo safi. Kuvaa kiatu tena jioni ya kurudi hutaweza.