Siku ya mwisho ya meli: tushuke Ensenada au mama abaki chumbani?

SWALI: Da' Msafiri habari za kazi. Mi naishi Kalifornia na mume wangu, mama mkwe katoka Tanga kuja kututembelea na tumelipia meli ya kitalii, inatoka San Diego inaenda Hawaii na kurudi, ila siku ya mwisho kabla ya kufika nyumbani inatia nanga Ensenada, Meksiko, asubuhi mpaka saa kumi jioni. Mume wangu anataka tupande basi twende La Bufadora kuona maji yanavyoruka. Mama kasema magoti yanamsumbua na bahari ameiona tangu azaliwe, yeye atabaki chumbani. Mimi niko katikati yao, nifanyeje? Halafu ana viza ya Marekani tu, Meksiko watamruhusu?
Mkwe wa Watu, Kalifornia

JIBU: Mdogo wangu, mama ashuke. Kutoka Hawaii mpaka pwani ile ni siku kadhaa za maji matupu, mtu mzima anahitaji akanyage nchi kavu, na Ensenada ni mji ambao gati liko karibu kabisa na katikati ya mji, mwenye miguu mizuri anatembea, na mama mpakizeni basi dogo au teksi, bei muulize kabla hamjaingia.

Viza kwanza maana ndo inakunyima usingizi. Meksiko haidai viza yao kwa mtu mwenye viza ya Marekani iliyo hai. Shida inaweza kuwa kurudi San Diego, kwa sababu mkishagusa Meksiko mnahesabika mmetoka nchini, kwa hiyo angalia kwenye viza ya mama palipoandikwa Entries, kama pana herufi M anaingia mara nyingi, kama ni mara moja tu usipande meli kabla hujaongea na mwanasheria wa uhamiaji. Fanya leo.

Na msidhani meli inapita pale kwa mapambo. Kuna sheria ya Marekani ya 1886 inayobana meli zenye bendera ya nje, haziwezi kuchukua abiria San Diego zikawazungusha bandari za Marekani tupu na kuwarudisha, lazima ziguse nchi nyingine, ndo maana Ensenada inapata wageni wengi hivo, na wapo wasioshuka hata. Kwa kweli inaniuma.

Sasa La Bufadora. Ni pango kwenye mwamba wa Punta Banda, wimbi likiingia linabana hewa ndani halafu maji yanafyatuka juu kwa kishindo, ni kitu cha kuona, simkatalii shemeji. Ila ni kama kilomita 30 kutoka mjini, kwenda na kurudi unakula masaa, ukishuka kwenye basi unatembea katikati ya vibanda vya biashara mpaka kwenye ukuta wa kutazamia, na bahari ikitulia siku hiyo maji hayaruki sana. Kwa magoti ya mama hapana. Shemeji akitaka aende peke yake, achukue ile safari inayouzwa na meli yenyewe, maana wakichelewa meli inawasubiri, teksi ya mtaani ikiharibika njiani hakuna wa kumsubiri.

Wewe na mama nendeni soko la samaki, wenyewe wanaliita Mercado Negro, liko karibu na maji. Hapo mtu wa Tanga hataki kuelezwa kitu, ataangalia macho ya samaki na mashavu yake mwenyewe, ataona pweza, jodari, kamba, chaza za kila aina. Pembeni kuna vibanda vya taco za samaki, na hizi msizikose hata kama mmeshiba chakula cha meli: kipande cha samaki kinachovywa kwenye unga uliokorogwa, kinadumbukizwa kwenye mafuta ya moto mpaka kinakuwa cha dhahabu, kinawekwa juu ya chapati ndogo ya mahindi, halafu unajimwagia mwenyewe kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, krimu, pilipili na ndimu. Pilipili aonje kwanza. Maji nunueni ya chupa, na bebeni dola ndogo ndogo.

Mkimaliza teksi iwapeleke Riviera del Pacífico, jumba jeupe lililofunguliwa 1930 kama kasino, wakati Marekani pombe ni marufuku na watu wa Kalifornia wanavuka mpaka kustarehe. Rais wa Meksiko, Lázaro Cárdenas, akapiga vita kamari, kasino ikafa, leo ni kituo cha utamaduni, na barabara inayopita mbele yake ina jina lake huyo huyo Cárdenas. Bustani ina maua na pa kukaa, mama apumzishe magoti hapo.

Saa msihangaike, Ensenada inafuata saa ya Kalifornia, ila kuweni melini saa tisa, msingoje dakika za mwisho. Usiku huo mizigo inawekwa nje ya mlango ichukuliwe, kwa hiyo pasipoti ya mama, dawa zake na nguo za kesho vitoeni mapema mviweke kwenye mkoba wa mkononi. Na matunda au nyama ya soko msirudi navyo, forodha San Diego wanavichukua.