Makubaliano ya Marubani na Uongozi Yaandikwe Siku Hiyo Hiyo

Nilikaa miaka tisa katika kamati ya mazungumzo ya chama cha marubani jijini Nairobi, na ushauri ninaoutoa hapa niliupata kwa hasara. Wakati mmoja shirika letu lilikuwa likitupangia safari za usiku mfululizo, hata mtu anatua Jomo Kenyatta alfajiri na siku inayofuata anaitwa tena kabla usingizi haujamtosha. Tulikwenda kumwona meneja wa safari za ndege, ambaye mwenyewe alikuwa rubani na ndiye aliyenifundisha kazi. Alitusikiliza kwa moyo mweupe, akakubali kwamba kila baada ya safari mbili za usiku rubani apewe siku mbili za mapumziko. Nilipotoa kalamu, aliniwekea mkono begani akasema, "Kapteni, sisi ni watu wa nyumba moja, karatasi ya nini?" Nikairudisha kalamu mfukoni.

Mzee yule hakutudanganya. Kwa miezi saba ratiba ilitoka kama alivyoahidi, kisha akastaafu. Aliyemrithi alifungua faili, akakuta hakuna kitu, na mwezi uliofuata siku ya pili ya mapumziko ikafutwa. Tulipolalamika alituuliza swali moja tu: "Imeandikwa wapi?" Marubani vijana walidhani nimewauza, na uchungu ule ulidumu kuliko mgogoro wenyewe. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari.

Kinachoniuma ni kwamba ndegeni hatufanyi kazi hivyo kamwe. Fundi akikuambia kwamba breki iliyolalamikiwa jana imetengenezwa, unafungua kitabu cha hitilafu za ndege, unautafuta mstari wake, unaona saini yake na nambari ya leseni, ndipo nawe unatia saini ya kuipokea ndege. Mwongozaji wa ndege akikupa kibali cha kupanda hadi futi 10,000, unamrudishia maneno yake naye anasikiliza kama umeyapata sawasawa. Fundi hakasiriki, mwongozaji haoni kwamba umemtilia shaka. Sioni sababu ya kuona haya mbele ya meneja.

Sheria nayo inataka maandishi. Kenya, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inaagiza mkataba wa pamoja upelekwe mahakama ya ajira ndani ya siku 14 tangu ukamilike, na huanza kutumika unaposajiliwa. Mwajiri asipoupeleka, chama kinaweza kuupeleka chenyewe, kwa hiyo msikae mkimngoja. Tanzania, mkataba wa hali bora, yaani huo huo wa pamoja kati ya chama na mwajiri, chini ya sheria ya kazi ya 2004 huzifunga pande zote tangu saini ya mwisho, isipokuwa wenyewe waseme vinginevyo.

Hata hivyo karatasi yenye maneno legelege haisaidii. Mahali palipoandikwa "uongozi utajitahidi", ombeni paandikwe "uongozi utatoa", pamoja na tarehe. Andikeni pia habari ya siku mbaya, kwa kuwa mikataba mingi huandikwa kana kwamba biashara haitayumba kamwe. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, dai lao moja kubwa lilikuwa michango ya mwajiri katika mfuko wao wa akiba ya uzeeni, iliyositishwa wakati wa janga la Korona. Maelfu ya abiria walikwama, na mahakama ikawaamuru marubani warudi kazini. Kwa sababu hiyo nawasihi wanaoketi mezani leo: mapato yakianguka, kifungu kiseme ni malipo gani yatasimamishwa, kwa muda gani, na yatarejeshwa vipi.

Mimi mwenyewe nilirudi kwa meneja yule mpya baada ya wiki sita za mazungumzo magumu, safari hii nikiwa na ukurasa mmoja niliouandika jioni ya kikao chetu cha mwisho. Nilimwomba ausome kwa sauti. Alipofika penye "siku mbili" alinyamaza kidogo, akaniuliza kama siku huanza kuhesabiwa ndege inapotua au saa sita usiku, swali ambalo sisi marubani hatukuwa tumelifikiria. Akakata maneno yale kwa kalamu yake, akaandika juu yake "saa 48 tangu rubani anapomaliza zamu", tukatia saini wote wawili.