Kabla hujajaza fomu ya chuo: kozi za kompyuta zinavyotofautiana

Wadogo zangu mliomaliza S6, yaani kidato cha sita, najua mnachoulizana: Sayansi ya Kompyuta, Uhandisi wa Programu au Mifumo ya Habari, ipi ina kazi? Nimeshapita chuo na niko kazini hapa Kampala. Jiulize kwanza ni tatizo la aina gani unaweza kukesha nalo bila kulichoka.

Chukua kibanda cha wakala wa pesa za simu pale Wandegeya. Mama anamtumia mwanawe karo, salio lake linakatwa, mara mtandao unapotea kabla pesa haijaingia upande wa pili. Msomi wa Uhandisi wa Programu hufundishwa kujenga mfumo ambao muamala hukamilika wote au hufutwa wote, kisha yeye na wenzake wauvuruge makusudi waone kama utahimili. Wa Sayansi ya Kompyuta huchimba chini zaidi: kompyuta mbili zilizo mbali zitakubalianaje juu ya salio moja, ikiwa ujumbe kati yao unaweza kupotea njiani? Wa Mifumo ya Habari ataketi kibandani na wakala, aone floti, yaani akiba ya pesa ya wakala, inavyoisha mchana, malalamiko yanaandikwa wapi na nani ofisini anayasoma. Uhandisi wa Kompyuta unashughulika na vifaa vyenyewe: saketi, mawimbi, fizikia tele.

Hisabati niiseme waziwazi. Wengi huingia Sayansi ya Kompyuta wakitarajia kutengeneza programu za simu tangu siku ya kwanza, wakakutana na mantiki, seti, matrisi (majedwali ya namba) na uwezekano. Mambo hayo yana kazi yake. Watafiti wa akili bandia wa Chuo Kikuu cha Makerere wameifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha ya jani iliyopigwa kwa simu, na kwa kompyuta picha hiyo ni jedwali la namba tu. Ukisikia hivyo moyo ukasisimka, nenda huko. Kama hisabati ya S6 uliimaliza kwa machozi, usione haya kuchukua Mifumo ya Habari. Benki na hospitali zetu zinateseka kwa kukosa watu wanaoelewa kompyuta na pia wanaoelewa kazi ya ofisi.

Usalama wa mtandao unapendwa sana siku hizi. Unaweza kuufikia kupitia kozi yoyote kati ya hizi, mradi mitandao na mifumo endeshi (programu kuu zinazoendesha kompyuta, kama Windows au Linux) uijue vizuri kwanza.

Hesabuni na miaka pia. Makerere, Sayansi ya Kompyuta ni miaka 3, Uhandisi wa Programu ni 4. Mwaka wa ziada ni karo, hosteli na chakula, kwa hiyo zungumza na wazazi mapema.

Halafu nenda ofisi ya kitivo ukaombe orodha ya masomo ya kila muhula, uyasome yote hadi mwaka wa mwisho. Angalia pia kwa NCHE, baraza la taifa linalosimamia elimu ya juu Uganda, kama kozi imeidhinishwa na idhini haijaisha muda. Usipoikuta huko, usilipe hata pesa ya fomu.