Duka la kadi za wachezaji: maswali yenu sita

Wasomaji walioko Marekani wametuuliza kuhusu biashara ya kadi za wachezaji, zile za inchi 2.5 kwa 3.5 zinazouzwa ndani ya pakiti zilizofungwa.

Nina dola 30,000 na nataka kufungua duka hapa Columbus. Nijaze rafu kwa maboksi mapya ya pakiti?

Usifanye hivyo. Bei ya boksi jipya inajulikana na kila mteja mwenye simu, kwa hiyo faida yake ni nyembamba. Boksi ulilonunua kwa dola 100 ukaliuza 115, mteja akalipa kwa kadi ya benki inayokatwa kama asilimia 3, linakuachia dola 11 na nusu, na hapo pango na umeme bado. Tena wasambazaji hawalipatii duka changa mgawo mkubwa wa bidhaa zinazogombaniwa.

Riziki ya duka iko kwenye kadi mojamoja unazonunua kaunta. Weka karibu nusu ya mtaji iwe fedha taslimu. Mtu aliyeleta albamu ya marehemu baba yake ukamwambia "rudi Ijumaa" ataiuza duka la pili siku hiyohiyo.

Mtu akileta mkusanyiko mzima, nitoe bei gani?

Kwanza tenga mafungu matatu: kadi zinazotoka haraka, zinazotoka polepole, na makapi. Kisha tafuta bei ambazo kadi kama hizo zimeuzwa kweli mnadani wiki za karibuni. Bei aliyoitangaza muuzaji ni matumaini yake tu. Chukua mauzo matatu hadi matano ya mwisho, yenye hali ileile, upate wastani. Za haraka lipa asilimia 70 hadi 80 ya wastani huo, za polepole 50 hadi 60, makapi nunua kwa idadi. Mwonyeshe muuzaji hesabu yako kwenye skrini, kwa sababu aliyeona hesabu huondoka ameridhika hata asipouza.

Angalia sana miaka. Kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilichapishwa kwa wingi mno, na wazee wengi waliozitunza kama akiba ya uzeeni huumia kusikia bei yake. Waambie kwa upole, lakini waambie ukweli. Hata hivyo usikatae boksi bila kulipekua: kadi namba 1 ya kampuni ya Upper Deck ya 1989, ya mchezaji wa besiboli Ken Griffey Jr., bado inatafutwa ikiwa safi.

Mwisho, uliza halmashauri ya mji wako kuhusu sheria ya kununua vitu vilivyotumika. Miji mingi inataka unakili kitambulisho cha muuzaji, na rekodi hiyo itakuokoa siku kadi ya wizi itakapopita mezani kwako.

Nina kadi ya Hasheem Thabeet ya mwaka wake wa kwanza. Mbona haina bei?

Mtanzania wetu huyo wa mpira wa kikapu alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Bei ya kadi hufuata wanaoitaka leo, na wanaomtafuta Thabeet ni wachache. Itazame vizuri: ikiwa na sahihi yake, au namba kama 12/25 inayoonyesha zilichapishwa 25 tu, ina thamani zaidi. Halafu kagua albamu nzima ya msimu huo wa 2009-10 kabla ya kuiuza, maana kadi ya kwanza ya Curry ni ya msimu huohuo. Ya Thabeet sisi tungeibakiza nyumbani.

Ni kadi zipi nipeleke kupimwa daraja?

Kupimwa daraja ni kampuni kuipa kadi alama ya hali yake, 10 ikiwa ya juu kabisa. Piga hesabu kwanza. Tuseme kadi yako inauzwa dola 40 bila kupimwa, 55 ikipata daraja 9, na 140 ikipata 10. Ada na posta ni dola 30, na mnada wa mtandaoni unakata kama asilimia 13. Ikipata 9 unabaki na dola 18, ilhali ungeiuza ilivyo ungebaki na 35. Hapo unahitaji kama kadi moja kati ya nne ipate 10 ndipo usipate hasara.

Kwa hiyo chuja kwa ukali. Itazame chini ya taa ukiiinamisha, utaona mikwaruzo isiyoonekana wima. Pima kingo za picha kwa rula uone kama picha iko katikati. Tazama pembe nne kwa lenzi inayokuza mara 10. Ilaze juu ya kadi nyingine ya toleo hilo: ikiwa fupi hata kidogo, huenda imekatwa, na kampuni za kupima hazitaipa daraja.

Kadi zangu zenye foili zinajikunja. Kwa nini?

Karatasi hunyonya unyevu, foili hainyonyi. Weka chumba kwenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Usizipige pasi. Na kadi nene yenye kipande cha jezi usiisukumize ndani ya ganda gumu la plastiki la pointi 35, itachubuka kingo. Pointi moja ni sehemu ya elfu ya inchi, na kadi hizo hufika pointi 130.

Naandaaje jioni ya kubadilishana kadi?

Chagua siku moja ya wiki usiibadilishe, saa tatu zinatosha. Tandika meza kwa mkeka laini, taa ziwe nyeupe. Kanuni iliyo muhimu kuliko zote: mtu mzima asibadilishane na mtoto mpaka mzazi au mfanyakazi wa duka aangalie bei za pande zote mbili. Mtoto aliyepunjwa mara moja harudi, wala mzazi wake. Kila mtoto anayekuja mara ya kwanza mpe kadi 20 kutoka kwenye makapi, pamoja na mifuko laini 20 ya plastiki ya kukingia kadi. Mifuko 100 ni dola moja au mbili tu, na kuanzia jioni hiyo atakuwa na kitu cha kuweka mezani.