Mtuhumiwa "aliiba" lini?

SWALI: Nipo mwaka wa pili chuo kikuu hapa Dodoma, nasomea haki jinai. Mwalimu mmoja anaandika "haki jinai", mwingine "haki ya jinai", na mitandaoni naona "haki za jinai". Niandike ipi? Pia kwenye insha niliandika: "Mtuhumiwa alivunja stoo usiku, akaiba magunia matatu ya alizeti na kutoroka." Nilikatwa alama, na sentensi yenyewe niliitoa kwenye habari. Kosa liko wapi? Na mahabusu ni mtu au ni mahali?

JIBU: Andika haki jinai, yaani utendaji wa haki kwenye makosa ya jinai. Kiswahili huweka nomino mbili bega kwa bega, bila "ya" wala "wa" katikati, pale ya pili inapokuja kuibana maana ya kwanza: afisa elimu, askari kanzu, bwana shamba. Ukilitia neno hilo la katikati maana inahama. Bwana shamba ni mtaalamu anayekuja kukuelekeza namna ya kupanda mtama. Bwana wa shamba ni mwenye shamba, na anaweza kukufukuza. Neno haki nalo lina maana mbili, stahili ya mtu na utendaji wa uadilifu, na ukiliwekea "ya" msikilizaji hukimbilia ile ya kwanza. Haki ya mtoto ni kile mtoto anachostahili. Haki ya jinai itakuwa kile jinai inachostahili? "Haki za jinai" ndiyo mbaya kuliko zote, maana wingi unaifunga kabisa kwenye stahili. Jinai tuliipata kwa Waarabu ikiwa na maana ya kosa, na kosa halina haki zake. Januari 2023, Rais Samia alipozindua pale Ikulu ya Chamwino tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliitwa tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai. Walioichagua lugha hiyo walichagua vizuri.

Sasa tuje kwenye alizeti yako, kwa sababu sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi mno na kila mara inaniudhi upya.

Litazame neno mtuhumiwa. Limetoka kwenye kitenzi tuhumu, na ndani yake kuna "w" ya kutendwa. Mtuhumiwa ni mtu aliyetendewa jambo: ametuhumiwa. Yeye hajatenda kitu. Aliyetenda ni anayemtuhumu. Ndivyo ilivyo pia kwa mshukiwa, aliyeshukiwa, na mshtakiwa, aliyeshtakiwa. Hata mfungwa ni mtu aliyefungwa. Mwizi, mvunjaji, muuaji na mkosaji hawana "w" hiyo, kwa sababu hao ndio watenda.

Halafu wewe, na mwandishi uliyemnakili, mnachukua neno la kutendwa mnalibebesha vitenzi vitatu vya kutenda. Alivunja. Akaiba. Akatoroka. Aliyevunja stoo ni mvunjaji, aliyeiba ni mwizi. Kama una hakika kwamba ni huyu, umwite mwizi uwe tayari kulithibitisha mahakamani. Kama huna hakika, hukumwona akivunja. Huwezi kumwita mtuhumiwa mwanzoni mwa sentensi na kumtia hatiani kabla ya nukta. Nani aliyahesabu magunia yakitoka mlangoni? Nani alimtambua usiku ule? Hayo yote ndiyo kazi ya upelelezi, na ndiyo unayokwenda kusomea kwa miaka yako yote ya chuo. Sentensi yako imeyamaliza kwa neno moja, "alivunja", bila shahidi, bila kielelezo, bila hakimu.

Wanaojitetea huniambia, "Lakini polisi ndio wamesema." Basi andika kwamba polisi wamesema. Kiswahili hakijakunyima maneno: anadaiwa kuvunja, anatuhumiwa kuiba, anashikiliwa kwa tuhuma za wizi. Wengine hukimbilia upande wa pili wakaandika "anadaiwa kutuhumiwa". Hilo nalo ni kosa. Mtu akishatuhumiwa, tuhuma ipo, haidaiwi. Kinachodaiwa ni wizi. "Anatuhumiwa kwa tuhuma za wizi" nayo ni maji juu ya maji.

Tena neno mtuhumiwa lina muda wake. Akiwa mikononi mwa polisi ni mtuhumiwa. Akisomewa mashtaka mahakamani anakuwa mshtakiwa. Mahakama ikimwona ana hatia inamtia hatiani, kisha inamhukumu adhabu, na akipelekwa gerezani, tuseme Isanga, anakuwa mfungwa. Kuandika "mtuhumiwa amehukumiwa miaka 30" ni kumrudisha mtu kituo cha polisi baada ya hakimu kumaliza kazi. Na aliyeachiwa huru si mtuhumiwa tena hata kidogo. Ni mwananchi, mwite kwa jina lake.

Sisemi haya kwa kupenda ubishi. Mtaani kwetu alikuwepo kijana aliyekamatwa kwa wizi wa mashine ya kukamua alizeti. Gazeti moja liliandika "aliiba". Kesi ilikwenda, ushahidi ukakosekana, akaachiwa. Habari ya kuachiwa kwake sikuiona popote. Hakupata kibarua kwenye mashine yoyote ya alizeti, na mwishowe akahama. Kila aliyemnyima kazi alikuwa ameisoma ile "aliiba". Sheria ilimwachia, kitenzi hakikumwachia.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai "kutendewa kama mtu mwenye kosa hilo" mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Watu huisoma ibara hiyo wakifikiria pingu na virungu. Mimi naisoma nikifikiria pia vitenzi. Kumwandikia mtu "aliua" kabla ya hukumu ni kumtendea kama muuaji, tena mbele ya watu wengi kuliko wanaoweza kuingia kwenye chumba chochote cha mahakama.

Na kwako wewe jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwa msomaji mwingine. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Maelezo ya mashahidi, hati za mashtaka na hukumu vitapita mikononi mwa vijana kama wewe, kwa lugha hii hii. Hapo maneno ya vijiweni hayatakusaidia. "Ujambazi" unaosikia kijiweni, kwenye hati ya mashtaka ni unyang'anyi wa kutumia silaha, na unabeba adhabu yake. Aliyekukata alama alikutendea wema. Irudie sentensi hivi: "Stoo ilivunjwa usiku, magunia matatu ya alizeti yakaibwa. Polisi wanamshikilia mtu mmoja kwa tuhuma za wizi huo." Kilichojulikana kimesemwa chote, na kisichojulikana kimeachwa kwa mahakama.

Kuhusu mahabusu: kwa asili ya Kiarabu ni mtu aliyezuiliwa, na mimi huandika "mahabusu watatu wamefikishwa mahakamani". Watu wamelifanya pia kuwa mahali, "ametiwa mahabusu", na kamusi zimekubali. Nilibishana na matumizi hayo kwa muda mrefu, nikaacha, kwa sababu hayamdhuru mtu. Ila usimwite mahabusu mfungwa. Yeye bado anasubiri kesi yake.