Sukari ya kurithi au sukari ya ukoo?

SWALI: Mimi ni mama wa pacha, naishi Kisauni. Juzi redioni walieleza kuwa watafiti wa Ulaya wamewafuatilia mapacha miaka na miaka, wakaona sukari ni "ugonjwa wa kurithi". Mavyaa wangu akadakia: "Si nilisema, ule ni ugonjwa wa ukoo!" Je, ni mamoja? Na ni pacha au mapacha?

JIBU: Nianze na la pili, ndilo jepesi. Yote mawili ni sawa. Mombasa twasema "amezaa pacha", kama tusemavyo ndizi pacha, zile zilizogandana. Anayewahesabu mmoja mmoja husema mapacha.

Sasa hilo la mavyaa. Kurithi, kwa Mswahili, kwanza ni mambo ya mirathi: nyumba, shamba la minazi, kesi kwa kadhi. Mtu hurithi kwa aliyekufa, na mali ikishagawanywa imekwisha. Ndiyo maana wazee wengine hukunja uso ukiwaambia "umerithi sukari ya mamako" na mamake yuko pale kitini anakunywa chai. Jeni, zile chembe za mwilini zinazobeba urithi wa wazazi, haziendi hivyo. Mzazi humpa mwanawe akiwa hai, naye habakiwi na pungufu.

Lakini tatizo kubwa si hilo. Mama na binti wana jeni za pamoja, na chungu kimoja pia: mahamri yale yale asubuhi, kaimati zile zile za Ramadhani, chai ile ile ya vijiko vitatu. Binti akipata sukari, ni damu au ni chungu? Kuwatazama wawili hao hakukujibu. Hapo ndipo pacha wanapotafutwa.

Pacha wa yai moja wana jeni karibu zote sawa. Wa mayai mawili hushiriki wastani wa nusu, kama ndugu wowote wa tumbo moja. (Nasema "wa yai moja" kwa makusudi, si "wa kufanana". Wako wa mayai mawili wanaoshabihiana hata shangazi akawachanganya.) Kwa kawaida jozi zote mbili hulelewa nyumba moja. Basi ugonjwa ukiwapata wote wawili mara nyingi zaidi katika jozi za yai moja, jeni zina mkono wake. Denmark ilianza daftari lake la pacha mwaka 1954, na London wana lao tangu 1992. Minnesota, Marekani, kuanzia 1979, mtafiti Thomas Bouchard na wenzake waliwatafuta pacha waliotenganishwa wadogo, wakalelewa kwa watu mbalimbali.

Kazi za namna hii zimeonyesha kuwa katika sukari ya ukubwani jeni zina sehemu, na maisha yana sehemu. Hata wa yai moja, mmoja aweza kuugua na mwenzake akasalimika. Na ukisikia asilimia fulani "ni ya kurithi", hesabu hiyo yahusu tofauti baina ya watu katika jamii nzima. Haikwambii ni kiasi gani cha sukari yako wewe kilichotoka kwa mamako. Watangazaji wetu hapa huteleza kila mara.

Kwa hiyo "ugonjwa wa kurithi" ningeuweka kwa selimundu, ule ugonjwa wa damu, ambapo mtoto hupewa jeni yenye kasoro na baba na mama wote wawili. Sukari na presha ni magonjwa yanayoandama ukoo. Ukoo una damu ndani yake, una na jiko, na neno hilo halijidai kujua ni kipi kilicholeta ugonjwa. Mavyaa wako amesema kwa uangalifu kuliko redio, ingawa nashuku hakukusudia.

Habari ile ningeiandika hivi: "Uchunguzi wa pacha waonyesha kuwa jeni huchangia mtu kupata sukari, pamoja na chakula na mwenendo wake." Ni ndefu kidogo, lakini mtangazaji ana pumzi.