Gari Linapopiga Magoti Usiku: Maswali na Majibu

Mvua za kwanza zimefika Lubumbashi, vumbi jekundu limegeuka tope, na barua za safari hii karibu zote ni za magari ya kifahari yaliyozeeka: yanalala, yanagonga, yanaruka kama mkokoteni.

Fundi, nina Mercedes S ya 2003. Kila asubuhi nakuta mbele kushoto pamelala. Nikiwasha injini, panapanda baada ya dakika chache. Kwenye garaji moja wameniambia kompresa imekufa, nilete dola 450. Nilete? (Mama wa mtaa wa Golf)

Subiri kwanza, mama. Kompresa ni pampu ya hewa: iliyokufa haiinui gari, na yako inaliinua kila asubuhi. Hewa inatoka mahali fulani usiku, na kompresa inafanya kazi ya kujaza ndoo iliyotoboka.

Gari lako ni la kizazi cha W220, kilichotoka kati ya 1998 na 2005. Badala ya resori (springi) za chuma, linakaa juu ya baluni za hewa zilizounganishwa na amotiseri (ndugu zetu wa Tanzania wanaziita shokapu). Baluni ni mpira, na mpira hupasuka pale unapojikunja. Vumbi letu likijificha kwenye mikunjo hiyo linausaga kama msasa.

Leo jioni chukua mita ya fundi nguo. Pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, uandike namba nne. Kesho, kabla ya kufungua hata mlango, pima tena. Ikishuka kona moja tu, na ni ileile kila siku, shaka ya kwanza ni baluni ya kona hiyo au mahali bomba lake la hewa linapoingia. Zikishuka zote mbili za mbele, au leo hii na kesho ile, tazama bloku ya vali inayogawa hewa.

Halafu sabuni. Omo kidogo kwenye maji, weka kwenye chupa ya kupulizia. Fungua kapoti (boneti), pulizia kichwa cha amotiseri pale bomba linapoingia. Pindua usukani hadi mwisho, upulizie na mpira wenyewe huku wewe umesimama pembeni. Povu likianza kuchemka, umempata mwizi. Lakini asiingize mtu mkono wala kichwa kati ya tairi na bodi kabla gari halijaegemezwa kwenye vigingi vya chuma. Hewa ikitoka ghafla, gari zima linashuka.

Kompresa tutairudia, kwa sababu haikuumbwa kufanya kazi mfululizo. Ukiacha uvujaji uendelee, itaungua kweli, na hapo yule fundi wako atasema "nilikwambia". Siku ya kuibadilisha, badilisha na rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima). Rilei ya zamani ikishikana ndani, kompresa haizimiki hata gari likishapanda, na ile mpya nayo inaungua.

Maandishi mekundu yanasema gari liko chini mno. Naweza kufika nalo Kipushi taratibu? (Kijana wa Katuba)

Hapana. Kilomita 30 juu ya baluni tupu zinaukata mpira kabisa, na tairi linakula bodi. Acha injini iungurume kwanza. Lisipopanda, angalia fyuzi ya kompresa. Bado? Litoke juu ya lori la kubebea magari, lisivutwe kwa kamba.

Nimenunua Mercedes E ya 1999 iliyotoka Ubelgiji. Rangi inang'aa, injini ni safi. Ila mbele kulia inagonga "kop" kwenye kila dodani (tuta la barabarani). Fundi amebadilisha rotuli (viungo vya mviringo vya gurudumu) na vijiti vya stabiliza (fimbo inayozuia gari kuyumba), bado inagonga. (Papa wa Kamalondo)

Papa, barua yako ndiyo iliyonitisha kuliko zote, kwa hiyo nitasema wazi: lisimamishe leo.

Kizazi hicho, W210, kina ugonjwa unaojulikana. Mbele, resori inasukuma juu kwenye kikombe cha chuma kilichochomelewa kwenye bodi. Huko Ulaya barabara za baridi hunyunyiziwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Chumvi na maji vinaingia nyuma ya kikombe, kutu inakula kutoka ndani, na wewe unaona rangi tu. Siku moja kikombe kinaachia, resori inaruka, na gari linaangukia gurudumu. Ukiwa barabara ya Likasi, na malori ya madini nyuma yako, sitaki hata kuwaza.

Toa magurudumu ya mbele, safisha pale juu kwa brashi ya waya, uchunguze pande zote mbili. Ukiona rangi imevimba kama malengelenge, gonga kidogo kwa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Dawa ni kukata hadi chuma kizuri na kuchomelea kikombe kipya, na mchomeleaji awe mtu anayejua bodi za magari, asiwe wa mageti. Resori ikiwa imebanwa ina nguvu ya kuua: itolewe kwa kibanio chake, isitolewe kwa nyundo. Kupaka mastiki juu ya kutu ni kumvika maiti koti.

Lexus LX 470 yangu inapanda na kushuka vizuri, haivuji, lakini ni ngumu kama toroli. (Yaya wa Bel-Air)

Hii haina hewa, yaya. Inatumia mafuta yenye shinikizo, pamoja na bule nne, vijitungi vya mviringo vyenye gesi ya nitrojeni. Gesi ndiyo ulaini. Likiwa kwenye kimo cha chini, soma alama ya mafuta kwenye tangi lake, kisha lipandishe kimo cha juu usome tena. Bule nzima huonyesha tofauti ya alama kama 14. Zikiwa 7 au pungufu, bule zimechoka. Zikiwa katikati, usikimbilie dukani: huenda fimbo za msokoto za mbele (zinazofanya kazi ya resori) zimelegea kwa uzee na mafuta yanabeba uzito usio wake. Zirekebishwe kwanza. Na tafadhali, mafuta yawe ya mfumo huo wenyewe. Ya usukani hayafai, hata muuzaji wako akiapa.

Nina Range Rover ya 2006. Nitoe baluni zote niweke resori za kawaida, nipumzike? (Mfanyabiashara, njia ya Kasumbalesa)

Nakuelewa, na kuna siku ningekubali. Kwenye zile za zamani, zilizoishia 2002, wengi wamefanya hivyo na wanalala usingizi. Yako inahitaji hesabu. Mbele baluni na amotiseri ni kitu kimoja, kwa hiyo ni ghali. Nyuma baluni iko peke yake, na kuibadilisha si kazi ya kutisha. Kama inayovuja ni moja ya nyuma, utakuwa unabomoa nyumba kwa sababu ya mlango. Ukiweka resori, kimo kinakuwa kimoja: shehena ikijaa, nyuma inakaa, na tope la Februari likija huna cha kupandisha. Kompyuta nayo italalamika kwa taa hadi mtu anayeijua aitulize. Mimi ningebaki na hewa mpaka kona ya tatu inivujie.

Tairi zangu za mbele zinaliwa upande wa ndani tu, na "paralelisme" (kunyoosha magurudumu) nimefanya mara mbili. (Dereva wa Kampemba)

Ulifanya gari likiwa kwenye kimo gani? Gari la hewa likikaa chini, magurudumu yanainamisha vichwa ndani. Lirudishe kwanza kwenye kimo chake, pima kama nilivyomweleza mama wa Golf, angalia vijiti vya vitambuzi vya kimo kama havijapinda, ndipo ulipie mara ya tatu.